Kuingia kwa Macho, Kutoka kwa Tochi

Nianze kwa kukiri kosa, maana anayewacheka wengine huku akijifanya hajawahi kuteleza, huyo naye ana lake. Mimi nilisaini. Mke wangu alikuwa ameshika godoro upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni, tumekwama mlangoni mwa nyumba tuliyokuwa tunahamia, na yule bwana akatandaza fomu yake juu ya godoro hilohilo, akaniletea kalamu mpaka vidoleni. Nikasaini kwamba sinki la jikoni ni "zima, halina kasoro". Sinki lenyewe lilikuwa na ufa ambao, kwa makadirio yangu, ulinizidi umri. Miaka miwili baadaye nikalilipia sinki lile kama jipya, na nikaliacha palepale na ufa wake. Kwa hiyo kama ni kunicheka, nichekeni sasa hivi mmalize, halafu tumgeukie aliyenisainisha.

Mtaani aliitwa Dokta. Hakuwa daktari wa watu wala wa ng'ombe. Alikuwa Daktari wa Nyumba, cheo alichojitunuku mwenyewe asubuhi moja mbele ya kioo, kikamkaa vizuri kuliko hata koti lake. Wenye nyumba walimwita mara mbili. Mpangaji akiingia, Dokta anazunguka na fomu kuandika hali ya nyumba: kuta, dari, milango, mabomba, vitasa. Mpangaji akitoka, anazunguka tena. Karatasi mbili zinalinganishwa, na kilichoharibika kinakatwa kwenye amana, ile pesa ambayo mpangaji humwachia mwenye nyumba siku ya kwanza ikae rehani. Ni kazi ya haki, inamlinda huyu na kumlinda yule. Ndiyo maana ilimchosha Dokta mapema.

Aligundua kwamba siku ya kuingia kila mtu ana furaha na haraka. Watoto wanagombea vyumba, mwenye gari la mizigo anapiga honi, hakuna anayetaka kusikia habari za ufa. Siku ya kutoka furaha hakuna, lakini haraka ni ileile. Basi akajiwekea kanuni, akaiandika ndani ya jalada la daftari lake kwa wino mwekundu, na kujitapa nayo mtaani: nyumba huingiwa kwa macho, hutokwa kwa tochi.

Na tochi yenyewe msiidharau. Ukiielekeza ukutani uso kwa uso, ukuta unatabasamu. Ukiilaza ubavuni, mwanga ukapita juu ya rangi kama kiganja kinachopapasa, kila kijipele kinatoa kivuli chake, na ukuta uliopakwa rangi mwaka jana unaonekana umetoka vitani.

Muulizeni msusi mmoja wa nywele. Alikuwa amepanga chumba na sebule, akasuka watu miaka mitatu kwenye kibaraza cha kuazima, na amana yake ilikuwa tayari ina kazi: anunue kiti cha kuoshea nywele na mashine ya kukaushia, afungue saluni yake mwenyewe. Siku ya kuhama alifagia, akapiga deki, akasugua mpaka vidole vikakunjamana. Dokta akaingia, akavua viatu mlangoni kwa adabu kubwa, kisha akailaza tochi.

"Huu ufa, dada."

"Huo niliukuta, kaka."

"Uliukuta."

"Si nilikuonyesha siku ile? Ukaniambia ni rangi tu inapumua."

"Imeandikwa wapi?"

Akamfungulia fomu. Ukuta wa sebule: mzuri. Na chini yake saini ya msusi, yenye mkia mrefu wa furaha.

"Na hili bomba linalovuja?"

"Linavuja tangu siku ya kwanza. Nimelala nalo miaka mitatu kama mume."

"Imeandikwa wapi, dada yangu?" Aliuliza kwa sauti ya pole, kama mtu aliyekuja msibani.

Msusi akaweka chini tambara la deki. "Mungu anakuona, kaka."

"Najua," Dokta akasema, akigeuza ukurasa. "Lakini hakusaini."

Msusi akaondoka na godoro, meza na machanuo yake. Amana ilibaki, mwenye nyumba akachukua sehemu yake, Dokta akachukua yake, na ule ufa ukabaki ukutani unamsubiri mpangaji mwingine kwa moyo safi.

Sasa, mganga hajigangi. Huyu bingwa wa nyumba za watu alikuwa analala kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Asubuhi mashine ikiwashwa, kitanda kilianza kutembea, na saa sita mchana kilikuwa kimefika mlangoni. Unga ulikuwa kwenye shuka, kwenye mswaki, kwenye nyusi. Hayo yote Dokta aliyavumilia mpaka alipopenda.

Alimpenda mshonaji mmoja mwenye macho ya kupima. Huyo alikuwa akikutazama mara moja tu anajua kiuno chako, urefu wa mkono wako na kama shati hilo ni la kuazima. Dokta hakuthubutu kumwambia mambo ya unga uso kwa uso, akamwandikia barua. Katika barua ya tatu chumba kikawa vyumba viwili, katika ya tano vikawa vitatu na sebule. Baba wa mshonaji, fundi kufuli mwenye maneno machache kama funguo zake, akazisoma barua, akatuma jibu moja: "Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuja. Nataka kuona mwanangu atalala wapi."

Zilibaki wiki tatu. Dokta akaanza kutembea mitaa akiwa na macho ya mtu aliyeangusha pete.

Ndipo alipoliona bango, limeandikwa kwa mkono ulionyooka kama rula: NYUMBA INAPANGISHWA. MWENYEWE YUPO. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule, ina dirisha kubwa kama ubao wa shule linalotazama barabara. Barazani alikaa mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, penseli imechomekwa kwenye nywele, anahesabu vibanio vya nguo kwenye kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja." Akafunika kopo, akashusha pumzi. "Jana vilikuwa arobaini na viwili. Haya, karibu."

Majirani walimwita Mama Stoo, na ndani ya dakika tano alikwisha kumweleza Dokta kwa nini. Miaka thelathini alitunza stoo ya hospitali: mashuka, ndoo, mabeseni, vitanda. Daktari mkuu mwenyewe hakupata hata sabuni bila kusaini, na aliyesaini mashuka kumi alirudisha kumi, hata kama mengine yalikwenda na marehemu. Dokta alisikia "miaka thelathini", akasikia "pensheni", mengine yakampita kama upepo. Mbele ya macho yake kulikuwa na mama mzee, mpole, mwenye nyumba tupu. Alihisi mate yakimjaa.

"Nyumba imepata mtu, mama?"

"Nimempata mhandisi mmoja, anatoka mbali. Ofisi yake ndiyo inalipa. Lakini anataka karatasi kwanza, hali ya nyumba na vilivyomo. Mimi makaratasi ya siku hizi siyawezi, mwanangu. Sijui hata pa kuanzia."

Dokta akaitoa kadi yake taratibu, kama mtu anayefungua pazia la jukwaa.

Walizunguka wote wawili. Nyumba ilikuwa safi, imara, na tupu kama ahadi. Mama Stoo akakaa kwenye kigoda katikati ya sebule na kopo lake la vibanio.

"Hapa sebuleni," Dokta akasema, "tuandike nini?"

"Si kilichopo?"

"Mama, kilichopo ni hewa."

"Basi andika hewa, safi."

Dokta akacheka, akachuchumaa karibu naye, akashusha sauti. "Huyo mhandisi atakaa muda gani?"

"Mwaka."

"Baada ya mwaka nani atakumbuka hapa palikuwa na nini? Kinachokumbuka ni karatasi. Sasa mimi nikiandika hapa palikuwa na kapeti..."

"Lakini halipo."

"...na siku ya kutoka kapeti halionekani..."

Mama Stoo akaacha kuhesabu. "Analilipa?"

"Analilipa."

"Kapeti ambalo halikuwepo."

"Halikuwepo kwa macho, mama. Kwa karatasi lilikuwepo."

"Atasema hakulikuta."

"Nitamuuliza imeandikwa wapi."

"Na kama atasoma kabla ya kusaini?"

"Hawasomi, mama. Hasa wasomi."

Mama Stoo akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Ngoja nikuelewe vizuri, maana kichwa changu kimezeeka. Aliyesaini ndiye aliyepokea?"

"Ndiye."

"Hata kama hakupokea?"

"Kalamu haina macho, mama."

Mama Stoo akatikisa kichwa kwa mshangao, akachomoa penseli kwenye nywele, akayaandika maneno hayo nyuma ya kalenda. "Kweli elimu haina mwisho," akasema. "Basi kama mambo ndiyo hayo, weka na hita ya maji bafuni."

Hapo Dokta alianza kumpenda. Akaweka hita ya maji, mpya. Akaweka jiko la umeme la sahani nne. Mama Stoo akakumbuka mapazia, Dokta akaweka mapazia mazito sita. Akaweka feni mbili za darini.

"Na kioo kirefu," Mama Stoo akasema kwa haya kidogo. "Nimekitamani tangu niolewe."

"Kioo kirefu, kimoja, hakina mkwaruzo."

Kuta zote zikawa nzuri, dari nzuri. Kwenye ukurasa wa mwisho Dokta akaongeza masharti yake ya kila siku, yale aliyoyatunga ili mpangaji asipate pa kutorokea: mwenye nyumba ana haki ya kukagua siku yoyote, saa za mchana, bila taarifa, kisichoonekana kitafidiwa kwa amana yote, na mpangaji atahama ndani ya siku saba. Akasaini sehemu ya mkaguzi. Walikubaliana kugawana nusu kwa nusu machozi ya mhandisi.

Wiki ikapita. Dokta akapita kujua habari, akamkuta Mama Stoo ameshika tama.

"Mhandisi wangu amehamishwa, mwanangu. Amepelekwa upande mwingine kabisa. Nyumba ndiyo hiyo, inakula vumbi. Ningempata mtu muungwana, mwenye kazi yake, ningempa hata kwa nusu kodi, alimradi taa iwake."

Dokta akatazama dirisha. Akamwona mshonaji amesimama pale, mwanga unampiga shavuni. Akamwona fundi kufuli anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakohoa.

"Namfahamu mtu, mama. Mtaratibu. Halewi. Ana mchumba."

"Yuko wapi?"

"Unamwangalia."

Mama Stoo akapiga makofi mawili ya furaha, kisha akataja amana. Ilikuwa namba ya ajabu, ina kichwa, ina kiwiliwili, halafu ina mkia mrefu wa vichele, senti ndogondogo.

"Mbona si namba kamili, mama?"

"Ndivyo ilivyonijia. Ukitaka iwe kamili, tuiongeze."

Dokta akaiacha na mkia wake. Ilimaliza akiba yake yote, ile ya sinki langu ikiwemo.

Siku ya kuhamia, mwenye mkokoteni alikuwa anafoka barabarani kwamba ana mzigo mwingine. Dokta alikuwa amekumbatia godoro mlangoni, unga unamtoka kwenye kola, Mama Stoo akaja na zile karatasi.

"Kuna hii fomu, mwanangu. Ni ileile ya mhandisi, kwa nini tuharibu karatasi nyingine? Weka saini yako tu hapa kwa mpangaji. Umeiandika mwenyewe, huna haja hata ya kuisoma."

Dokta akasita, tuseme, kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha akatabasamu. Mtaa mzima huu, mkaguzi wa kutoka ni nani? Ni yeye. Siku akihama atajikagua mwenyewe, na alijifahamu kuwa mtu wa huruma. Tangu lini daktari akaogopa cheti alichokiandika mwenyewe? Mwenye mkokoteni akafoka tena. Dokta akaishika kalamu, akasainia mgongoni mwa godoro.

Nilipoambiwa hilo la godoro, nilicheka mpaka mke wangu akaniletea maji.

Jumamosi ikafika. Dokta alikuwa ameazima viti vinne, meza, na picha moja ya maporomoko ya maji. Fundi kufuli akaingia na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kabla ya kukaa aliinamia mlango, akazungusha kitasa mara mbili.

"Kizuri," akasema.

"Nilikichagua mwenyewe, baba," Dokta akasema, kwa kuwa uongo ukizoea mdomo hauombi ruhusa.

Mshonaji akazunguka vyumba polepole, anapima madirisha kwa macho. Alirudi akitabasamu. "Kumbe barua zilisema kweli," akamnong'oneza, na Dokta akamvutia kiti kilichokuwa bora kuliko vyote. Maana niseme jambo moja kwa haki: huyu tapeli alimpenda yule binti. Kila alichoandika maishani kilikuwa uongo, ila pale mwisho wa barua alipoandika "wako", hapo hakuwa na ujanja wowote.

Walikuwa ndio kwanza wameshika vikombe, mlango ukagongwa. Mama Stoo akaingia na karatasi mkononi, penseli kwenye nywele.

"Hodi, wapendwa. Msinijali, kaeni, kunyweni. Nahesabu tu mara moja."

"Mama," Dokta akasema, akiinuka, "leo nina wageni."

"Nimewaona, mwanangu, wazuri. Lakini imeandikwa siku yoyote, saa za mchana." Akageukia fundi kufuli. "Huyu mpangaji wangu ndiye aliyeandika. Ana akili sana."

"Mpangaji?" fundi kufuli akauliza. Dokta alikuwa amemwambia nyumba ni yake. Samahani, hilo nilisahau kulisema. Na yeye alikuwa amesahau.

Mama Stoo akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Kapeti la sebule, moja." Akatazama sakafu. Wote wakatazama sakafu. "Kioo kirefu, kimoja." Wakatazama kuta. "Feni za darini, mbili." Shingo zikapinda juu, pamoja na shingo ya Dokta, kana kwamba naye alikuwa na matumaini. "Hita ya maji, jiko la sahani nne, mapazia mazito sita. Viko wapi, mwanangu?"

Hapo ndipo Dokta alipouona mtego wenyewe, na ulikuwa umetegwa vizuri, maana aliutega yeye. Akisema vilikuwepo, basi ameviuza, ni mwizi. Akisema havikuwepo, basi aliviandika, ni mwongo. Akatafuta mlango wa tatu.

"Viko kwa fundi."

"Vyote?" fundi kufuli akauliza. "Hata kapeti?"

"Lilikuwa na... lilihitaji kushonwa."

"Baba," mshonaji akasema taratibu. Alikuwa amesimama dirishani, anapapasa ukuta juu ya fremu. "Hapa hapajawahi kuning'inizwa pazia. Hakuna tundu hata la msumari mmoja."

Fundi kufuli akaenda bafuni, akarudi. "Hita haijawahi kukaa ukutani mle. Huo ukuta ni bikira." Akanyoosha mkono kwa Mama Stoo, akapewa karatasi, akaisogeza mbali na macho. "Aliyeandika haya ni nani?"

Mshonaji akachungulia begani kwa baba yake. Akafuata mistari kwa kidole.

"Huu mwandiko naujua," akasema. "Ndio ulioniandikia vyumba vitatu."

Nje ya mlango mtu akakohoa. Akaingia dada mmoja, nywele zimesukwa kwa ustadi wa kuogopesha, mkononi ana tochi kubwa. Dokta alimtambua mara moja, na angelipenda sana asimtambue.

"Mpwa wangu huyu," Mama Stoo akasema. "Amekuja kunisaidia, macho yangu hayaoni vizuri."

Msusi akavua viatu mlangoni kwa adabu kubwa. Akaenda ukutani, akawasha tochi, akailaza ubavuni. Ukuta ukajaa mapele, na katikati yake ukajitokeza ufa mwembamba, mrefu, wenye matawi.

"Huu ufa, kaka," akasema.

"Huo niliukuta," Dokta akasema.

Neno lilimtoka lenyewe, kama kwikwi. Msusi akaiacha tochi palepale. Ni fundi kufuli, mtu asiyejua hili wala lile, aliyegeuza ukurasa kwa kidole chake kinene na kuuliza kwa nia njema kabisa:

"Imeandikwa wapi? Hapa pamesema ukuta mzuri."

Msusi akaegemea ukuta, akaziba mdomo kwa mkono wenye tochi, mwanga ukawa unaruka darini kila akicheka.

"Mama Stoo," Dokta akasema, "yule mhandisi... mwite yule mhandisi, atasema tulivyopanga."

"Mhandisi yuko palepale ilipo hita, mwanangu."

Akachomoa penseli, akaweka alama ya mkasi mbele ya kila kitu, kimoja kimoja, bila haraka, kama aliyekuwa akifunga stoo mwisho wa mwaka. "Kisichoonekana kitafidiwa kwa amana yote. Ni maneno yako, na mimi siwezi kupinga msomi. Ile amana jana imekwishageuka kiti cha kuoshea nywele. Na ule mkia uliokukera ulikuwa nauli ya kukibeba."

"Na mashine ya kukaushia," msusi akaongeza. "Karibu siku moja, kaka. Nitakuosha."

"Mama, hii si haki. Wewe ulijua kwamba havikuwepo."

"Nilijua. Nawe ulijua. Lakini mmoja wetu alisaini." Akamtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza Dokta akaona kwamba macho yale hayakuwa mabovu hata kidogo. "Miaka thelathini, mwanangu, walikuja kwangu wenye makoti meupe, wenye magari, wenye vyeo, wanataka kuchukua bila kusaini. Wewe ndiye wa kwanza kusaini bila kuchukua. Sijawahi kuona mteja mzuri kama wewe."

Fundi kufuli akakiweka kikombe mezani, akakisukuma mbele. Alipofika mlangoni alisimama, akakizungusha kitasa tena.

"Hiki kweli ni kizuri," akasema. "Pole yake."

Mshonaji alibaki nyuma kidogo. Dokta akadhani amebaki kwa ajili yake.

"Nina swali moja," akasema. "Mimi ungenipokea kwa macho au kwa tochi?"

Dokta, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaweka kikombe chini ili amjibu vizuri. Alipoinua uso, kiatu cha mwisho cha mshonaji kilikuwa kimeshapita kizingiti.

Siku ya saba alihama. Mama Stoo mwenyewe ndiye aliyejaza fomu ya kutoka, akaandika kilichopo: hewa, safi. Kibanio cha arobaini na mbili kilionekana kimebana mapindo ya koti la Dokta, mahali alipokitumia kuficha mshono uliofumuka, baada ya kukiokota barabarani siku alipoliona bango. Akakidai, akakipata, akasaini kukipokea.

Kitanda kikarudi nyuma ya mashine ya nafaka, kikaanza tena safari zake. Na hapo, katikati ya unga, Dokta akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akachukua fomu mpya, akajikagua. Aliandika mchana kutwa. Maneno: matamu, yana ufa. Ahadi: zinavuja. Nyumba: hakuna, na haijawahi kuwepo. Kazi: mbovu, inahitaji kubomolewa na kujengwa upya. Koti: la kwake, mshono umefumuka. Moyo: unafanya kazi, una kelele. Ila kwa kuwa mtu habadiliki kwa siku moja, kwenye mstari wa madeni aliandika "hakuna", tena kwa herufi ndogo sana. Chini kabisa aliacha nafasi ya saini ya mpokeaji.

Akaenda mpaka kwa fundi kufuli. Mlango ule una vitasa vitatu na komeo. Ndani, cherehani ilikuwa inakwenda. Akagonga, cherehani ikanyamaza. Akachuchumaa, akapitisha fomu chini ya mlango, na kalamu nyuma yake, ile ileile iliyonisainisha mimi.

"Soma kwanza," akasema. "Soma yote, hata kwa tochi. Kisha naomba tu usaini."

Akasubiri. Majirani wakapita na ndoo zao, wakamwamkia, wakarudi wakamkuta. Akaomba mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi. Jua likahama kutoka kwenye kizingiti mpaka kwenye visigino vyake. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo la kitasa cha katikati.

"Basi mchumba," akasema, "naomba hata kalamu yangu unirudishie."